Meno ya Ami Yako Abdinoor

Ifrah mwanangu,

Mambo ya koti, dawa, simu na chakula mama yako ameshayasema, na kesho uwanja wa ndege, ukiondoka kwenda chuo Nairobi, atayasema tena mbele za watu mpaka uone haya. Mimi sitayagusa. Nakuandikia jambo moja ambalo hukuliona, kwa sababu siku lilipotokea wewe ulikuwa nje ya lango na mimi nilikuwa ndani, na tangu siku ile sijawahi kukaa na wewe nikakusimulia. Nilikuwa nikijiambia, ngoja akue kwanza. Ulishakua zamani. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha kusema tu. Nikikiandika kinatoka kama cha mtoto anayejifunza kushika kalamu. Kiswahili nilichapiwa viboko shuleni, kwa hiyo ndicho kilichonikaa mkononi.

Unajua kwamba mimi na ami yako tulizaliwa kaskazini mwa Kenya, kijiji chenye kisima kimoja cha pampu. Maji yake yalikuwa mazito, yanaacha ukungu mweupe kwenye sufuria. Tuliyanywa sisi, mbuzi wakayanywa, na watoto wote wa pale wakaota meno ya kahawia yenye madoa. Hatukujua kama kuna ubaya, maana kila mtu alikuwa nayo. Mimi nilijua siku nilipopelekwa shule Nairobi. Mwalimu alinitoa darasani nikapige mswaki. Nikapiga, nikarudi, akanitoa tena. Nilisugua kwa mkaa, nikasugua kwa chumvi, na siku moja nikasugua kwa mchanga mpaka ufizi ukachuruzika damu. Tangu hapo nikajifunza kucheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Hivyo ndivyo mama yako alivyonikuta na ndivyo unavyonijua wewe. Wateja wa duka letu hapa Juba, mtaa wa Hai Jalaba, wanadhani mimi ni mtu mkali. Si ukali. Nimezoea tu kufunga mdomo.

Abdinoor alinifuata Nairobi miaka miwili baadaye, akapitia mwalimu yuleyule na kejeli zilezile, na hakuziba mdomo hata siku moja. Walipomcheka naye alicheka, tena kwa meno yote. Nilikuwa namwonea wivu kwa hilo. Yeye mdogo wangu, na mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha kitu.

Tulipokuja Juba kufungua duka, mimi nilikaa kwenye kaunta na yeye akawa mtu wa barabara, kwenda na kurudi na lori kuleta sukari, unga na mafuta ya kupikia kutoka upande wa Uganda. Dereva alikuwa Makur. Unamkumbuka kama mtu mrefu aliyekuwa akikuletea ndizi. Makur alikuwa Mdinka. Alipokuwa mvulana kwenye zizi la ng'ombe walimng'oa meno ya mbele ya chini, kama walivyong'olewa wenzake wa rika lake, na baadaye vita vikamkimbiza mpaka kambi ya wakimbizi kule Turkana. Huko ndiko alikojifunzia Kiswahili, na ndiyo maana yeye na Abdinoor walielewana siku ya kwanza tu. Walikuwa wakitaniana njia nzima.

"Abdi, hiyo meno yako ni kama kikombe ya chai haijaoshwa," Makur anamwambia.

"Na wewe nyumba yako haina mlango," Abdinoor anamjibu. "Nzi wanaingia bila hodi."

Nilikuwa nawasikia wakipakua magunia nyuma ya duka, wakicheka mmoja kwa mapengo, mwingine kwa kahawia, na mimi nikiwa ndani nimefunga mdomo wangu.

Ile ajali unaijua. Lori lilipinduka kwenye kona ya barabara ya Nimule likiwa na shehena ya mafuta, likashika moto. Walikuwamo hao wawili tu. Unajua pia kwamba walipofikishwa Juba hapakuwa na uso wa kumtambua mtu. Usilolijua ni nilichofanya mle ndani ya mochari.

Askari aliyekuja nao aliniambia kwamba huyu alikutwa upande wa abiria na yule upande wa usukani. Sikumuuliza lori lilipopinduka lilibiringika mara ngapi. Sikukumbuka hata kwamba Abdinoor alikuwa na tabia ya kumpokea Makur usukani wakikaribia mji. Wote wawili walikuwa warefu, wembamba, wa umri mmoja. Maalim wa msikiti wetu alikuwa amesimama nyuma yangu, kaburi lilikuwa limeshachimbwa, vijana walikuwa wanangoja na jeneza, na unajua sisi maiti hatumkalishi. Nikamtazama yule wa upande wa abiria, yaani nilitazama shuka lililomfunika, nikasema, "Huyu ndiye." Niliyasema kama ninavyomwonyesha mpagazi gunia la kubeba. Mhudumu akafunga kitambaa mguuni, akaandika jina la ndugu yangu.

Upande wa pili wa korido alikuwa amekaa mama yake Makur, sakafuni, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele. Jamaa zake walikuwa wamemletea sanduku la mbao. Mhudumu alimwambia, basi huyu mwingine ndiye wako. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za mbali.

Mimi nikatoka kwenda kuchukua sanda kwenye gari. Wewe ulikuwa umesimama langoni na shangazi yako Halima, umevaa sare za shule, maana tulikutoa darasani. Ulinishika mkono wa kanzu.

"Aabo, umejuaje kwamba ni yeye?"

"Mtu anamjua ndugu yake."

"Kwa kitu gani? Uso upo?"

Shangazi yako akakuvuta. "Mtoto, mwache baba yako amsitiri ndugu yake."

"Umetazama meno?" ukasema.

Nilikupigia kelele, Ifrah. Nilisema vile vitabu vyako vya mifupa ya kale vimekutoa adabu, kwamba ami yako si mfupa wa kuokotwa jangwani. Watu waligeuka kututazama. Ulikuwa unalia lakini mkono hukuuachia.

"Moto unakula nyama kabla ya jino, Aabo. Makur hana meno ya mbele ya chini. Tazama hicho tu. Ukikuta ni Adeer Abdinoor, mimi nitanyamaza, na nitakuomba radhi."

Nilikutoa mkono, nikachukua sanda, nikarudi ndani nikiwa nimeamua kutotazama. Ni Maalim aliyeniona usoni akauliza kuna nini. Nikamwambia binti yangu anasema hivi na hivi, utoto tu.

"Wewe umetazama?" akaniuliza.

"Sijatazama."

"Basi tazama. Kaburi litangoja."

Nikamwambia mhudumu afungue. Haya mengine nitayasema kwa ufupi, si kwa sababu wewe ni mtoto, ila kwa sababu hao wawili nilikuwa nawapenda. Nilivaa glovu nikapitisha kidole kwenye taya la chini la yule niliyemwita ndugu yangu. Mbele palikuwa pameziba. Hapakuwa na tundu, hapakuwa na kipande kilichovunjika. Mfupa ulikuwa umefunga zamani na kuwa laini kama ukingo wa bakuli. Nilirudisha kidole tena na tena nikitafuta jino, kana kwamba nikilitafuta kwa bidii litaota.

Nikaenda meza ya pili. Huyo meno yake ya chini yote yalikuwapo. Ya mbele moto ulikuwa umeyaharibu, usingeweza kujua yalikuwa na rangi gani. Lakini magego ya nyuma, yaliyokuwa yamesitiriwa na shavu na ulimi, yalikuwa mazima. Mhudumu akamulika kwa tochi ya simu. Yalikuwa na madoa ya kahawia, rangi ya maji ya kisima chetu, rangi niliyokuwa nikiisugua kwa mchanga nikiwa na miaka kumi na moja.

Kulia sikuweza. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba ndani ya saa moja ningekuwa nimemswalia Makur, Mkristo wa watu, kwa jina la Abdinoor, na kumfukia akielekea kibla. Na mdogo wangu angechukuliwa kwenye sanduku la mbao akaimbiwe nyimbo za kanisani na watu wanaomlilia mtu mwingine. Na mimi ningerudi nyumbani nimeridhika. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba ningeridhika.

Ikanibidi niende kwa yule mama. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, malesh. Nimekosea. Wako ni yule niliyesema ni wangu."

Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha kambini. "Wewe nasema ile ya kwanza ni yako. Saa hii nasema hapana. Kesho wewe nasema nini?"

Nikamwambia tu, "Njoo utazame mdomo."

Alisimama, akaingia bila kuziba pua, akaondoa shuka mwenyewe. Mhudumu alitaka kumpa glovu, akausukuma mkono wake. Aliingiza kidole mahali palepale nilipoingiza mimi, akakaa nacho hapo. Halafu akaanza kusema, wala sidhani alikuwa anasema na mimi.

"Siku hiyo mimi nashika kichwa yake hapa." Akapiga paja lake. "Yeye nalia. Mimi naambia yeye usilie, wanaume natazama wewe." Kisha akasema kwa Kiarabu cha Juba, "De weled tai." Huyu ni mwanangu.

Mimi nilitoka nikamwachia chumba.

Abdinoor tulimzika kabla jua halijatua. Makur alizikwa kesho yake. Baada ya siku kadhaa nilikwenda nyumbani kwa mama yake kule Lemon Gaba, peke yangu, na sukari na unga wa matanga. Alinikaribisha kwenye kiti cha plastiki, akanipa chai. Alipokuwa akinisindikiza ndipo aliponiuliza.

"Nani naambia wewe tazama meno?"

"Binti yangu. Yuko shule bado."

"Ambia yeye," akasema, "yeye narudisha mtoto yangu kwa mimi."

Hiyo ndiyo salamu yako, Ifrah. Imechelewa miaka, na aliyeichelewesha ni mimi. Nilikuja nayo mpaka mlangoni jioni ile, nikakukuta umelala juu ya mkeka na kile kitabu ulichoazimwa na mwalimu wako, chenye picha ya taya kuukuu kwenye jalada. Nikajua kwamba nikikupa salamu itabidi pia nikuulize ulikojifunza, na kitabu kile nilikuwa nimepanga kukirudisha shuleni bila wewe kujua. Niliwahi kukifungua. Nilikuwa nimeona ile michoro ya viumbe wanaosimama kidogo kidogo mpaka wanakuwa watu. Nikaingiwa na hofu ya baba, kwamba anachukuliwa mtoto wangu na watu nisiowajua.

Matanga yalipokwisha ndipo nilipokuita dukani nikakuambia, lete hicho kitabu, nisomee. Ulidhani ni mtego. Ulikaa kwenye katoni la sabuni ukasoma kwa sauti ndogo, na kila baada ya kurasa mbili mtu anaingia kuulizia bei ya mchele. Nataka ujue kwamba nilikuwa nasikiliza, hata nilipokuwa napima mchele.

Uliniambia kwamba kwenye visukuku, yale mabaki ya zamani yaliyogeuka jiwe, jino ndilo linalodumu kuliko mfupa, na ndiyo sababu habari nyingi za watu wa kale zimetoka mdomoni mwao. Uliniambia lile gamba jeupe la jino hujengwa siku kwa siku mtu akiwa mtoto, na kwamba ukilikata jembamba ukaliweka chini ya mashine ya kukuzia unaweza kuhesabu siku hizo kwa mistari. Kuna mstari wa siku ya kuzaliwa. Mtoto akiugua au akikosa chakula, nao unaacha alama. Usiku ule nilikwenda kwenye kioo na taa, nikafungua mdomo wangu kwa hiari kwa mara ya kwanza tangu utoto. Kwenye meno ya mbele nikaona mfereji mdogo wa mlalo, na nikaukumbuka mwaka ambao mbuzi wote walikufa na mama yetu alikuwa anatupikia maji yenye majani. Nilikuwa mdogo, nilidhani nimesahau.

Nikakuuliza, mbona Makur alikunywa maji ya Turkana miaka na miaka na meno yake ya juu yalikuwa meupe? Ukasema kwa sababu alifika kule meno yake yameshajengwa. Jino linayapokea maji ya utotoni tu. Ya ukubwani yanapita. Nililifikiria hilo siku nyingi. Wewe umezaliwa Nairobi, ukalelewa kwa maji ya Nile yanayoletwa na matangi. Anayesoma meno yetu hataona kwamba sisi ni baba na mwana. Hilo liliniuma wakati ule, nisikufiche.

Halafu ulinisomea habari za yule mvulana aliyefukuliwa magharibi mwa ziwa kule Turkana, aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kimo chake kilikuwa cha kijana wa miaka kumi na miwili au zaidi, lakini meno yalisema labda minane, labda tisa. Nikasema basi meno yamekosea. Ukasema hapana, Aabo, yeye alikuwa anakua haraka kuliko sisi. Utoto wao ulikuwa mfupi. Sisi ndio tunaochelewa kuota magego, tunaochelewa kukomaa, tunaokaa miaka mingi mikononi mwa wazazi tukifundishwa. Ukasema huenda hicho ndicho kilichotufanya tuwe sisi. Akaingia mteja nikamuuzia sabuni isiyo yake, maana nilikuwa nafikiria mvulana wa miaka minane mwenye miguu mirefu, na mama yake.

Lakini aliyenigeuza ni yule mzee asiye na meno. Wewe ulimsoma haraka kama watu wengine wote. Fuvu lililopatikana mbali huko Asia, la zamani kuliko hata yule mvulana, la mtu aliyepoteza meno yote isipokuwa moja, na taya likafunga na kuwa laini, maana yake aliishi muda mrefu bila meno. Nilikusimamisha. Taya lililofunga nilikuwa nimelishika kwa kidole changu.

"Alikula vipi?" nikakuuliza.

"Wengine wanasema wenzake walimsaidia, walimtafunia au walimpondea chakula. Wengine wanasema pengine alijitafutia vitu laini mwenyewe. Hawajakubaliana, Aabo."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi sijui."

Nilikupenda kwa jibu hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Mimi sikuweza kusema "sijui" mbele ya meza ile ya mochari, mtu mzima mwenye duka.

Nikakusimulia basi habari za ayeeyo yako, mama yetu, ambaye hukumkuta. Mwishoni hakubakiwa na jino. Abdinoor ndiye aliyekuwa akimtafunia nyama. Aliitafuna kwa yale meno yake ya kahawia mpaka ikalainika, akaitoa, akamwekea mama mdomoni, na mama akiifurahia huku akimtukana kwamba ameweka mate mengi. Mimi nilikuwa nageuza uso. Kwa hiyo niliposikia kwamba huenda kuna mtu, kabla ya lugha zetu zote, aliyemtafunia mzee wake nyama, sikuona sababu ya kumkataa mtu huyo. Sijui aliumbwaje. Sijui kama jina lake ni mtu. Lakini kama alifanya hivyo, basi anafanana na ndugu yangu, na siwezi kusema kwamba hatujuani.

Huku ndiko nilikofika, Ifrah, na sijavuka zaidi. Mimi naamini Mwenyezi Mungu ndiye aliyetuumba na nitakufa nikiamini hivyo. Nilimwendea Maalim nikamweleza yote uliyonisomea, nikitumaini atanipa neno la kukujibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hajui namna ya kuyaunganisha haya na yale, na kwamba hataki kunidanganya. Akasema pia, "Lakini msichana yule nisingemfungia mlango. Kama si yeye ningeswalisha jeneza la uongo." Tukanywa chai.

Wiki iliyopita shangazi Halima alipokaa sebuleni kwetu akasema unakwenda Nairobi kufundishwa kwamba sisi ni watoto wa nyani, mimi nilinyamaza, nawe ukanitazama, ukaenda kulala bila kula. Ulidhani nimemkubalia. Nilinyamaza kwa sababu yeye alikuwapo langoni siku ile, alisikia ulichoniambia, na mimi ndiye ambaye sikuwahi kumpa habari za mle ndani. Mpaka leo anadhani Maalim ndiye aliyegundua. Leo mchana nilikwenda kwake nikamwambia yote, mpaka kidole cha mama yake Makur. Alilia. Kisha akafuta macho akasema bado hapendi hiyo kozi ya visukuku. Kesho atakuja uwanjani. Mkumbatie, na usibishane naye. Alikushika mkono saa nzima pale langoni mimi nilipokuwa nimekuacha unalia.

Utashika meno mengi huko uendako. Watakufundisha kuyapima, kuyapa namba na kuyaweka kwenye visanduku, na ni sawa, kazi haiwezi kwenda bila hayo. Ila kila moja lilitoka kwenye mdomo uliokula na kuugua na kulia, na mara nyingi palikuwapo mtu aliyekishika hicho kichwa. Mimi nilisimama mbele ya watu wawili niliowajua kwa miaka, nikawachanganya kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Utakuwa na haraka na wewe. Utatazamwa na watu wenye vyeo wanaotaka uwape jina la kitu upesi. Wakati huo vumilia aibu ya kuonekana hujui. Ni aibu ndogo. Mimi nimeionja ile nyingine.

Nawe, ukirudi likizo na jambo ambalo mimi siwezi kuliamini, usinipunguzie ili nisiumie, na usilifiche chini ya mkeka. Niambie jinsi lilivyo. Nitakasirika, najijua. Huenda nikatoka nje nikazunguka hili soko lote. Usiende kulala. Nikirudi nitavuta katoni nikae, nikuambie unisomee tena tangu mwanzo.

Mungu akutangulie kila unapokanyaga.

Aabo yako